Hesabu ya Kura Ianzie Barazani

Jumatano ya Oktoba 28, 2015, waandishi wa habari na waangalizi wa uchaguzi walikuwa katika hoteli ya Bwawani wakisubiri Tume ya Uchaguzi ya Zanzibar imalizie kutangaza majimbo yaliyobaki. Mwenyekiti hakutokea ukumbini, akatokea kwenye televisheni. Jecha Salim Jecha alisoma tamko la kufuta uchaguzi mzima wa Zanzibar, na miongoni mwa sababu alizotaja ni makamishna wake kugombana hadi kuvua mashati. Wakati huo washindi wa viti vya uwakilishi walishapewa vyeti vyao. Kura za Rais wa Muungano, zilizopigwa siku hiyo hiyo na katika vituo vile vile, zilibaki halali.

Mashati hayo yanachekesha mpaka leo vijiweni Mji Mkongwe. Kilichofuata hakichekeshi. Maalim Seif Sharif Hamad, mgombea wa CUF aliyekuwa ameshajitangaza mshindi, aliwataka wafuasi wake watulie, nao wakatulia. CUF ikasusia marudio ya Machi 20, 2016, Dkt. Ali Mohamed Shein akatangazwa kwa asilimia 91.4, na Marekani ikasitisha msaada wa dola milioni 472 uliokusudiwa sekta ya umeme ya Tanzania. Utulivu ule haukurudisha hata kura moja.

Njia ya pili, ya maandamano, ilishajaribiwa kabla ya hapo. Januari 27, 2001, watu walipoandamana kupinga uchaguzi wa mwaka uliotangulia, polisi walifyatua risasi, hasa Pemba. Waliokufa walizidi 30, na zaidi ya watu 2,000 walivuka bahari wakawa wakimbizi Shimoni, Kenya. Kuna familia hadi leo zinazouhesabu mwezi wa Januari kwa msiba huo, na yeyote anayewahimiza vijana waingie barabarani mikono mitupu aanze kwanza kwa kuzijibu familia hizo.

Hasira za Wazanzibari zimekuwa zikimalizwa na viongozi wachache chumbani. Ndivyo ulivyopatikana Muafaka wa 1999, baada ya uchaguzi wa 1995 ambao Dkt. Salmin Amour alitangazwa mshindi kwa asilimia 50.2 dhidi ya 49.8. Ndivyo ulivyopatikana Muafaka wa Oktoba 2001, na ndivyo Rais Amani Karume na Maalim Seif walivyokutana Ikulu Novemba 5, 2009. Haitakuwa haki kuyabeza mazungumzo hayo. Muafaka wa 2001 ulileta daftari la kudumu la wapiga kura na kuwaingiza wapinzani ndani ya Tume. Lakini wananchi wenyewe waliulizwa mara moja tu, kwenye kura ya maoni ya Julai 31, 2010, na asilimia 66.4 wakakubali serikali ya umoja wa kitaifa. Miezi mitatu baadaye Dkt. Shein alimshinda Maalim Seif kwa asilimia 50.1 dhidi ya 49.1, tofauti ndogo ambayo miaka ya nyuma ingewasha moto, na watu wakaenda zao kulala.

Hilo halikutokea kwa bahati.

Oktoba 2025 mambo yalirudi kule kule. Tume ilimtangaza Dkt. Hussein Mwinyi kwa takriban asilimia 75, ikampa Othman Masoud wa ACT-Wazalendo 23, na chama chake kikayakataa matokeo. Dar es Salaam kulikuwa na vurugu, vifo na amri ya kutotoka nje usiku. Unguja kulikuwa kimya. Anayeuchukua ukimya huo na kuuita ridhaa hajawahi kukaa barazani baada ya sala ya Isha akasikiliza.

Basi wito kwa Wazanzibari, wa kijani ya CCM na wa zambarau ya ACT-Wazalendo, ni kwamba wasingoje 2030 na wasingoje viongozi waalikane chai. Kazi ya kwanza ni karatasi. Fomu ya matokeo ya kila kituo ndiyo kura yenyewe ikishahesabiwa, na mwananchi anastahili kuiona bila kuomba. Kenya, mwaka 2022, tume yao iliziweka fomu za vituo zaidi ya 46,000 kwenye mtandao, na kila mwenye simu aliweza kujumlisha mwenyewe. Zanzibar ni ndogo mno kushindwa na jambo hilo. Kila mtaa uwatafute watu wake wa kuaminika, walimu wastaafu, wahasibu, wanafunzi wa chuo, waunde kamati isiyo ya chama, ianze na daftari: nani ameandikishwa asiyekaa pale, nani anakaa pale lakini sheha hakumtambua. Wana-CCM wa maskani ya Kisonge na wapinzani wa Jaws Corner wana haja sawa ya daftari safi, ingawa hawatakiri mbele ya wenzao.

Kazi ya pili ni mlango wa mahakama. Mgombea uwakilishi anayeona ameonewa anaweza kufungua kesi Mahakama Kuu. Mgombea urais, Katiba ya Zanzibar imemfungia. Mahakama ya Afrika iliyoko Arusha iliamua Julai 2020 kwamba kizuizi kama hicho kwenye Katiba ya Muungano kinavunja haki za raia. Majaji wa Malawi waliufuta uchaguzi wa urais mwaka huo huo, ukarudiwa, na nchi haikusambaratika. Kura ya mapema nayo, inayopigwa kabla ya siku ya uchaguzi na iliyosababisha Maalim Seif akamatwe kituoni Garagara Oktoba 27, 2020, ama ihesabiwe hadharani pamoja na mawakala wote au ifutwe.

Mabadiliko yote haya yanapita Baraza la Wawakilishi, Chukwani. Kila jimbo lina mwakilishi, na mwakilishi huyo huzika, huoza na husali na waliomchagua. Wamfuate huko huko wakiwa wengi, na ombi lililoandikwa na kusainiwa na wa vyama vyote, wamtake ajibu kwa maandishi: atapeleka hoja ya kubadili Katiba, ndiyo au hapana, na katika kikao kipi. Jibu lake libandikwe msikitini, sokoni na kwenye kuta za mabaraza, na akikaa kimya, libandikwe jina lake pamoja na tarehe aliyopokea ombi.