Zulia la Msikiti na Kifua cha Mgeni Wetu

Wiki hii tunaanza kwa kuomba radhi.

Mwezi wa nane kamati yetu ilipanga kung'oa zulia la zamani la msikiti. Bomba la sehemu ya udhu lilikuwa likivuja chini ya ukuta kwa muda mrefu, na safu za nyuma zilikuwa na harufu ambayo sote tulikwisha kuizoea. Siku mbili kabla ya kazi, baada ya swala ya Alasiri, alitujia baba mmoja aliyekuja likizo kutoka Uingereza na mwanawe wa miaka 11. Alituomba tumwambie saa hasa ya kuanza, ili siku hiyo amtoe mtoto mtaani. Tulitabasamu. Mmoja wetu akasema, tena kwa sauti ya kusikika, kwamba Ulaya imewafanya watoto kuwa mayai. Baba yule hakujibu. Alitukaribisha nyumbani kwa mama yake.

Tulimkuta mtoto kivulini, amevaa kofia pana na shati la mikono mirefu, akivuta dawa ya mvuke kwa kifaa cha umeme. Bibi yake alitusimulia kwamba tangu alipoletwa kwake akiwa mchanga, kila akimbusu paji la uso midomo ilibaki na ladha ya chumvi. Akidhani ni upepo wa bahari.

Ugonjwa wa mtoto huyu unaitwa sistiki faibrosisi. Ni maradhi ya kurithi: baba na mama, wakiwa wazima kabisa, kila mmoja hubeba jeni moja yenye kasoro (tunasema jeni, si jini, maana tunawajua wasomaji wetu), na katika kila mimba kuna fungu 1 kati ya 4 kwamba mtoto atazirithi zote mbili. Daktari Dorothy Andersen wa New York aliyaeleza maradhi haya kwa kina mwaka 1938, na jeni yenyewe ikagunduliwa mwaka 1989. Kasoro hiyo huvuruga upitishaji wa chumvi na maji mwilini. Jasho huwa na chumvi kupita kiasi, na ute wa mapafuni, ambao kwetu ni mwepesi, kwao huwa mzito wa kunata.

Sasa ndugu msomaji, kila mmoja wetu huvuta mbegu za fangasi kila siku bila kujua. Zimo katika vumbi, majani yanayooza, nafaka iliyovunda na kuta zenye unyevu. Katika kifua kizima, vinyweleo vidogo vya njia ya hewa huzifagia pamoja na ute zikatoka. Katika kifua cha mtoto huyu, ufagio umenasa kwenye gundi. Fangasi inayowapata zaidi wagonjwa hawa ni aspajilasi. Wengine hukaa nayo bila dalili, na wengine miili yao huipokea kwa mzio mkali, pumzi ikabana na mapafu yakaharibika.

Lakini baba alitutajia majina mengine, ya fangasi adimu. Skedosporiamu, inayoishi katika udongo na maji machafu. Hiyo ndiyo aliyokutwa nayo mwanawe. Eksofiala, nyeusi, ipendayo joto na unyevu, ambayo watafiti wameikuta hata ndani ya mashine za kuoshea vyombo. Lomentospora, ambayo karibu dawa zote za fangasi zilizopo haziiwezi, kiasi kwamba baadhi ya hospitali husita kumpandikiza mapafu mgonjwa aliye nayo. Fangasi hizi hukua polepole maabara, na vijidudu vingine vya kohozi lile lile huzifunika, hivyo asiyezitafuta makusudi huenda asizione. Na zikionekana, daktari bado hujiuliza: zimepanga tu, au zinabomoa nyumba? Kuzitibu nako kuna gharama. Dawa aliyopewa mtoto huifanya ngozi iungue upesi juani, ndiyo siri ya kofia na mikono mirefu. Tena huingiliana na dawa mpya za ugonjwa wenyewe, hata kipimo chake kikapunguzwa.

Sharia imempa mgonjwa ruhusa ya kuacha swala ya jamaa, na hilo tunalifundisha kila mwaka. Lakini Mtume (SAW) alimtaka pia aliyekula kitunguu thaumu kibichi asiukaribie msikiti, kwa ajili ya harufu inayowaudhi wenzake. Itasemwaje juu ya kamati iliyoacha zulia lioze ndani ya msikiti?

Asidhani mtu kwamba haya ni ya wageni. Mtoto wa aina hii akizaliwa huku kwetu, ni rahisi aitwe mgonjwa wa nimonia, wa kifua kikuu au wa utapiamlo. Na wapo waliopona kifua kikuu wakabaki na mashimo mapafuni, ambamo aspajilasi hupenda kuweka makazi. Utafiti uliofanywa Gulu, Uganda, kwa watu waliomaliza dawa za kifua kikuu ulikuta baadhi yao wana maradhi hayo sugu ya fangasi. Kikohozi kisichokwisha, kukonda, kutema damu: dalili ni zile zile, kwa hiyo mtu huanzishiwa dawa za kifua kikuu mara ya pili, au huambiwa amerogwa. Aliyewahi kutibiwa, akikohoa tena na kohozi lisionyeshe vimelea vya kifua kikuu, amuulize daktari kuhusu fangasi.

Tuliahirisha kazi. Ijumaa mbili alizokuwapo mtoto tulitandika mikeka mipya uani, upande wa upepo, akaswali na baba yake pamoja na wazee watatu ambao, kumbe, harufu ile iliwakera siku nyingi bila kusema. Zulia tuliling'oa walipokwisha kuondoka. Tulilinyunyizia maji kwanza ili vumbi lisitimke, na vijana walivaa barakoa. Nyuma yake ukuta ulikuwa mweusi hadi kimo cha goti.

Bomba bado linavuja. Fundi anasema sakafu yote ya sehemu ya udhu ichimbwe, na mfuko wa kamati hautoshi. Tutakutana Jumapili baada ya Adhuhuri. Yule aliyesema neno la mayai ameshaleta mifuko 4 ya saruji.