Sentrioli si Mfalme wa Seli

Ukimwuliza mwanafunzi wa Biolojia sentrioli hufanya kazi gani, atakujibu pale pale: "Hutengeneza nyuzi za kugawa seli." Mwulize tena, "Na seli za mahindi je?" Kimya! Mimi nasema kimya hicho ndicho ugonjwa wetu. Jibu tumelikariri kama kasuku, lakini swali lenyewe hatujalifikiria.

Kwanza tuelewane. Katika seli ya mnyama, karibu na kiini, mna vijibomba viwili vidogo sana viitwavyo sentrioli. Kila kimoja kimejengwa kwa mafungu 9 ya mirija, kila fungu mirija mitatu. Vijibomba hivyo pamoja na protini zinazovizunguka ndiyo sentrosomu. Kabla ya seli kugawanyika, sentrosomu hujirudufu mara moja tu. Kisha zile mbili huachana, kila moja ikashika upande wake, na nyuzi hutoka huko zikazikamata kromosomu na kuzivuta huku na huku. Hayo ni kweli, na ndiyo tunayoyachora kila muhula.

Lakini hebu tuitazame githeri yetu. Mahindi na maharagwe hayana sentrioli hata moja, na bado seli zake hugawanyika vizuri. Yai la mwanamke nalo, linapokomaa, hupanga nyuzi zake bila sentrioli. Tena mwaka 2006 wanasayansi wa Cambridge, Uingereza, walieleza habari za nzi wa matunda wasioweza kutengeneza sentrioli. Mwadhani walikufa wangali mayai? Hapana! Walikua wakawa nzi kamili. Walikufa baadaye kidogo, kwa kuwa neva zao za hisia zilikosa vinyweleo ambavyo huota kutokana na sentrioli.

Je, nasema sentrosomu ni bure? La hasha! Idadi yake ni jambo kubwa: pande mbili, si tatu wala nne. Zikizidi, kromosomu huweza kuvutwa ovyo, seli moja ikapata nyingi na nyingine ikapungukiwa. Mjerumani Theodor Boveri, aliyeipa sentrosomu jina mwaka 1888, alitoa wazo mwaka 1914 kwamba mgawanyo mbaya wa namna hiyo waweza kuleta saratani. Na kweli, katika saratani nyingi huonekana seli zenye sentrosomu kupita kiasi.

Najua kuna watakaosema, "Mtihani hauulizi hayo, wacha tupate alama zetu." Sawa, alama tuzitafute. Lakini daktari wa kesho atakayetibu saratani ya jamaa zetu hatasaidiwa na sentensi moja ya kukariri. Basi ombi langu ni hili: walimu, mkituchorea seli ya mnyama, iwekeni ya mmea kando yake. Nasi wanafunzi tuinue mikono tuulize, "Kama mmea huweza bila sentrioli, mnyama anaitakia nini?" Asiyeuliza hanalo ajifunzalo.