TAKATAKA ZA KASULU NA KIBONDO NI MALI

Kila msimu malori hutoka Kasulu na Kibondo yamejaa mahindi, maharage na mihogo. Twafurahi kuyaona, maana ni fedha za mkulima. Lakini yafaa tujiulize malori hayo yanaondoka na nini kingine. Yanaondoka na rutuba ya ardhi yetu, gunia kwa gunia, wala hatujaona lori lililoirudisha. Kinachorudi ni mfuko wa mbolea ya dukani, ambao bei yake hupangwa mbali sana na Heru Juu. Mwaka 2022 vita vya Ukraine vilipozidi kuipandisha bei hiyo, Serikali ilitoa ruzuku. Ilifanya vema. Lakini mtu aliye huru hangoji amani ya Ulaya ndipo apande mahindi yake.

Buha yaujua mchezo huu. Mkoloni aliigeuza nchi hii kuwa ghala la vibarua. Shirika la wenye mashamba ya mkonge, SILABU, lililoundwa 1944, liliandikisha vijana wetu, wakapelekwa Tanga, wakaitwa manamba. Nguvu zilikwenda, na waliorudi walirudi wamechoka. Leo hakuna anayetuandikisha. Sisi wenyewe twachoma magunzi shambani, twatupa maganda ya mihogo bondeni, kisha twalalamika kwamba ardhi imechoka!

Wazee wetu hawakuishi hivyo. Nyumba ya Muha ilikuwa kati ya migomba, na migomba ililishwa samadi, majivu na maganda ya jikoni. Hata katika ubugabire, desturi ya kukopeshana ng'ombe, asiye na mifugo alipata mnyama wa kutunza, na pamoja na maziwa alipata samadi. (Hatusemi desturi ile ilikuwa ya haki. Mnyonge alimtumikia mwenye ng'ombe, na hatuna hamu ya kurudi huko.) Wataalamu wa siku hizi wauita mpango wa namna hii uchumi wa mzunguko, na wauandikia vitabu vinene. Bibi zetu waliufanya kwa ungo na jembe.

Historia nayo isifichwe. Operesheni Kigoma ya 1972 iliwakusanya watu vijijini ili wapate shule, maji na zahanati, na shabaha hiyo ilikuwa njema. Lakini kaya nyingi ziliacha nyuma migomba iliyolishwa kwa miaka mingi, zikaanza upya kando ya barabara, penye udongo usiojua samadi. Kazi ya kuulisha udongo huo haijamalizika mpaka leo.

Jambo zito kuliko yote ni kuni. Nyarugusu imepokea wakimbizi tangu 1996, na Nduta ilifunguliwa tena 2015. Watu wengi hivyo wakipika kila siku, msitu hauwezi kupona, na mwanamke wa Makere hutembea mbali zaidi kuliko mama yake alivyotembea. Hata hivyo si haki kumtwisha mkimbizi mzigo wote. Tumbaku yetu hukaushwa kwa kuni, na matofali ya nyumba zetu huchomwa kwa kuni. Wakati huohuo magunzi na maganda twayatupa. Yakichomwa katika pipa lenye hewa kidogo, yakasagwa, yakachanganywa na uji wa muhogo, yakafinyangwa na kuanikwa juani, huwa mkaa wa kupikia. Hakuna sehemu ya kazi hiyo inayomhitaji mgeni. Nayo kinyesi cha ng'ombe wachache wafungwao zizini hutoa gesi ya kupikia nyumba moja, na tope linalobaki ni mbolea bora.

Serikali imekwisha kuziagiza taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 ziache kuni na mkaa, na mkakati wa mwaka 2024 wataka asilimia 80 ya Watanzania wapike kwa nishati safi ifikapo 2034. Twaunga mkono. Ila shule ya Kibondo ikinunua mtungi wa gesi iliyokuja kwa meli, imebadili tu mahali pa kupeleka fedha. Ijenge mtambo wake, maana vyoo inavyo na ng'ombe wa jirani wapo.

Juu ya vyuma chakavu hatutasema mengi. Twauza chakavu kwa kilo, kinakwenda kuyeyushwa mbali, na nondo twanunua kwa bei ya mwenye tanuru. Wahunzi wa Buha walifua majembe kabla ya Mjerumani kufika.

Sasa liko jambo la kuamua mapema. Taka zikianza kuleta fedha, atatokea tajiri mwenye lori aombe zabuni ya kuzoa masoko yote, kisha atuuzie mboji yetu wenyewe. Twasema hapana. Taka za soko zipewe vikundi vya ushirika vya kina mama na vijana, na mtaji utoke katika ile asilimia 10 ya mapato ya ndani ambayo halmashauri hutenga kwa mikopo ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Mkutano ujao wa kila tawi, kuanzia Mabamba hadi Makere, umwulize diwani wake: maganda ya soko letu yanakwenda wapi, na kwa ruhusa ya nani? Jibu lake liandikwe katika muhtasari.