Kabla ya kwenda Kirumba, kagua spesa

Tangu Pamba Jiji irudi Ligi Kuu mwaka 2024, watu wa Simiyu tuna sababu ya kwenda Mwanza. Sisi ndio tunaolima pamba, kwa hiyo timu ni yetu pia! Siku ya mechi tunajazana kwenye gari, Bariadi, Lamadi, Magu, mpaka CCM Kirumba. Raha tupu. Ila kuna hili la rimu.

Kijana ana Corolla ya zamani, anataka rimu pana ipendeze. Rimu ikigusa shokapu, fundi anachomeka spesa, kile kisahani cha kusogeza tairi nje.

Spesa siyo dhambi. Shida ni kuchomeka tu huku bolti zikibaki zilezile fupi. Bolti ya tairi ya Toyota ina unene wa milimita 12, na nati inatakiwa izunguke kama mara nane ndipo ishike vizuri. Ukiona imezunguka mara tatu imegota, hapo unacheza na roho za watu. Beringi nayo inabeba mzigo zaidi, kama beki wa kati aliyeachiwa ukuta peke yake.

Kama ni lazima, nunua spesa yenye bolti zake, inayokaa sawasawa kwenye haba. Halafu mkifika Lamadi, kabla ya kuanza nyimbo, shuka na spana ukaze tena. Dakika kumi tu. Mechi huwa na marudiano, tairi likichomoka barabarani hakuna marudiano.