Tuzo Ni ya Mrushaji, Si ya Bahati ya Kikosi Chake

Mchezo wa besiboli si mgeni tena Uganda. Mwaka 2012 vijana wetu wa Lugazi walikuwa timu ya kwanza kutoka Afrika kucheza mashindano ya dunia ya watoto huko Williamsport, Marekani. Kwa sababu hiyo nathubutu kuwaletea wenzangu, askari na polisi, hoja moja ya mchezo huo. Ndani yake mna swali lituhusulo sote tuvaao sare: mtu apimwe kwa kazi ya mikono yake, ama kwa matokeo ya kikosi chake?

Kila mwaka Wamarekani humtunukia mrushaji bora Tuzo ya Cy Young, iliyoanza mwaka 1956 kwa kumbukumbu ya mrushaji aliyeshinda michezo 511. Tangu mwaka 1967 kila moja ya ligi kuu mbili ina mshindi wake, naye huchaguliwa kwa kura za waandishi wa habari za mchezo huo. Mrushaji ndiye amrushiaye mpira mpinzani mwenye gongo, akimzuia asifunge. Kufunga pointi ni kazi ya wenzake.

Mwaka 2010, katika ligi ya American, watu walibishana sana. CC Sabathia wa New York Yankees alikuwa ameshinda michezo 21 na kushindwa 7. David Price wa Tampa Bay alishinda 19, akashindwa 6. Félix Hernández wa Seattle, kijana wa Kivenezuela mwenye umri wa miaka 24, alishinda 13 tu na kushindwa 12. Wengi walisema: mtu wa ushindi 13 ana haki gani ya kushindana na mtu wa 21?

Hoja yao haikosi uzito. Timu huundwa ili ishinde, kama vile jeshi. Lakini tutazame kazi yenyewe. Hernández alirusha vipindi 249 na theluthi mbili, kuliko mrushaji yeyote wa ligi yake. Kwa kila vipindi 9, wapinzani walimfunga wastani wa pointi 2.27, ambao ulikuwa mdogo kuliko wote katika ligi. Wastani wa Price ulikuwa 2.72, na wa Sabathia 3.18. Mbona basi alishindwa mara 12? Jibu ni kwamba wenzake wa Seattle walifunga pointi 513 tu katika michezo 162, ilhali Yankees walifunga 859. Seattle ilipoteza michezo 101 mwaka huo. Hernández alilinda ngome yake barabara, lakini nyuma yake hakukuwa na wa kushambulia.

Simdharau Sabathia, aliyekuwa shujaa wa kweli. Nasema tu kwamba sehemu ya ushindi wake 21 ilikuwa jasho la wapigaji wa New York. Waandishi waliliona hilo: kati ya kura 28 za nafasi ya kwanza, 21 zilimwendea Hernández. Naona walihukumu kwa haki. Haikuwa hivyo mwaka 1990, Bob Welch alipotuzwa kwa ushindi wake 27, hali wastani wake ulikuwa 2.95 na wa Roger Clemens, aliyeshinda 21, ulikuwa 1.93. Mwaka 2018, katika ligi ya National, Jacob deGrom wa New York Mets alishinda michezo 10 tu, lakini wastani wake wa 1.70 ulimpatia kura 29 kati ya 30.

Sasa turudi kambini. Ofisa aandikaye ripoti ya askari wake yumo katika nafasi ya waandishi wale. Ni rahisi kumsifu aliyepangwa katika kikosi chenye magari, redio na viongozi hodari, na kumsahau koplo aliyelinda daraja usiku kucha katika kikosi kilichopungukiwa na kila kitu. Vivyo hivyo polisi wa kituo cha mbali asipimwe kwa hesabu ya watu aliowakamata, bila kuuliza alipewa nini cha kufanyia kazi.

Askari mwema haombi upendeleo. Huomba kiongozi wake aitazame kazi yake kabla ya kutia sahihi. Anayenyimwa haki hiyo leo, kesho atalinda lindo kwa moyo gani?