Mnunuzi wa Viungo Bado Yuko Huru

Septemba 2009, Mahakama Kuu ikiwa Kahama iliwahukumu wanaume watatu kunyongwa kwa kumuua mvulana mwenye ualbino. Ndiyo ilikuwa hukumu ya kwanza nchini Tanzania tangu mauaji haya yaanze kuitikisa Kanda ya Ziwa. Nyingine zimefuata. Ila ukizitazama kesi hizi utaona wanaofikishwa kizimbani ni walioshika panga, na mara nyingine ndugu aliyewaonyesha mlango. Ni nadra sana kumkuta hapo mwenye fedha, yule aliyeagiza viungo vya mwili.

Serikali haikukaa kimya. Mwaka 2009 iliendesha kura za siri ili wananchi wawataje wanaowashuku, na mwaka huohuo ikafuta leseni za waganga wa jadi, kwa kuwa viungo hivyo huhusishwa na ushirikina. Januari 2015 ikapiga marufuku wapiga ramli, na polisi wakakamata watu wengi. Lakini mganga akikamatwa bila kufuatiliwa mteja wake, mteja atatafuta mganga mwingine. Juni 2024 watu tisa walishtakiwa kwa mauaji ya mtoto mwenye ualbino wa miaka miwili wa Muleba, wakiwamo baba yake mzazi na padri. Ukweli wa mashtaka ni kazi ya mahakama. Kwangu, mashtaka hayo yanatukumbusha kwamba hatari huweza kutokea ndani ya nyumba, na kwamba tusimtafute mhalifu kwa mganga wa porini peke yake.

Ugumu wa ushahidi ni wa kweli. Wavamizi huja usiku. Tangu kesi ya mshtakiwa Waziri Amani ya mwaka 1980, mahakama zetu hudai shahidi aeleze mwanga ulikuwa na nguvu kiasi gani, alikuwa umbali gani na mshambuliaji, na alimtazama kwa muda gani. Sasa mfikirie binti aliyekatwa mkono katika nyumba ya kibatari, naye tangu kuzaliwa haoni vizuri, kama ilivyo kwa wengi wenye ualbino. Wakili wa utetezi anamuuliza maswali hayo, na ni haki yake kuuliza, maana anayemtetea anaweza kunyongwa. Kwa hiyo kosa ni la upelelezi unaomwachia binti huyo mzigo wote. Rekodi za simu, miamala ya fedha na vipimo vya vinasaba havihitaji mwanga wa kibatari, na ndivyo vinavyoweza kumfikia mnunuzi. Sheria ya kuwalinda watoa taarifa na mashahidi tunayo tangu 2015. Lakini bila ulinzi halisi, mjane anayejua shemeji yake alipokea fedha kutoka kwa nani hatasema kama usiku huo atalala nyumba jirani na huyo shemeji.

Upande wa waathirika, tumeegemea mno vituo vya kuwahifadhi watoto. Kituo cha Buhangija, Shinyanga, kiliokoa maisha ya watoto wakati wa dharura, na hilo nalikiri kwa moyo wote. Lakini dharura haiwezi kudumu utoto mzima. Mtoto analelewa nyuma ya uzio, wazazi wengine wanaacha kumtembelea, na kijiji kinazoea kuishi bila yeye. Wakati huohuo jua linaendelea kuua: saratani ya ngozi hukatisha maisha ya wengi mapema, ingawa mafuta ya kuikinga yanatengenezwa hapahapa nchini, katika hospitali ya KCMC, Moshi. Mahakama inaweza kuamuru fidia, lakini mfungwa asiye na shamba wala ng'ombe atalipa nini?

Februari 2025 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyopo Arusha, ilisema Tanzania imekiuka haki za watu wenye ualbino. Jibu la Serikali lionekane kwenye bajeti: mfuko wa fidia usiotegemea mfuko wa mfungwa, afisa ustawi wa jamii mwenye usafiri wa kufika kijijini, mafuta ya ngozi katika kila zahanati. Na kila jalada la mauaji haya, hata lililokwisha kuhukumiwa, lifunguliwe tena kwa swali ambalo halikujibiwa: nani alilipa?