Jina Lako Huandikwaje?

Jumamosi moja nilipeleka redio yangu kwa fundi katika mtaa wa Mkunguni, Kariakoo, nikakuta ubishi mkali. Mzee mmoja, mstaafu wa kazi ya simu za upepo, ambaye kwa leseni yake huzungumza na walimwengu kwa mtambo wa nyumbani, alikuwa akimkosoa kijana anayejifunza burudani hiyo.

Kijana alikuwa akilitaja jina lake herufi moja moja: "A ya Arusha, M ya Mwanza..." Mzee akamkatiza: "Sema Alfa, sema Mike! Mtu wa Brazili ataijulia wapi Mwanza?"

"Lakini mzee wangu," kijana akajibu, "hao Wazungu wenyewe wameandika Alfa kwa f na Juliett kwa t mbili. Je, hawajui kuandika?"

Wanajua. Orodha hiyo ilipoanza kutumika katika usafiri wa anga mwaka 1956, ilikusudiwa watu wa lugha nyingi. Si wote wasomao ph kuwa f, na Mfaransa akiona t moja mwishoni huimeza. Kosa tunalolicheka liliwekwa kwa makusudi ili watu wasikilizane.

Ubishi wa majina katika burudani hii ni wa siku nyingi. Wakati wa ukoloni alama ya mwito ya Tanganyika ilikuwa VQ3 na ya Zanzibar VQ1. Baada ya Uhuru ikaja 5H. Hata hivyo, orodha ya chama cha Marekani, ambayo wapenzi wa redio duniani huitumia kuhesabu nchi walizozipata, iliendelea kuihesabu Zanzibar peke yake hadi Mei 31, 1974, miaka kumi baada ya Muungano!

Kariakoo yenyewe imetokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa jeshi la Waingereza katika Vita Kuu ya Kwanza. Ulimi wetu uliligeuza jina, tukakubaliana nalo, na leo hakuna anayepotea njia.

Nilimwuliza mzee kwa nini ana ukali kiasi kile. Akashusha sauti. "Kazini niliandikwa Ramadhani, katika cheti Ramadhan. Kwa sababu ya i moja, malipo yangu ya uzeeni yalikaa miezi saba, na mke wangu yu kitandani."

Benchi zima likanyamaza. Kijana akavuta karatasi, akaanza kuandika: Alfa, Bravo, Charlie.

Wote wawili walikuwa na haki. Ukizungumza na jirani, Arusha yatosha. Ukizungumza na dunia, tumia herufi za dunia. Linaloumiza ni kutokukubaliana mapema. Basi leo, baada ya chakula, vitoeni vyeti vya watoto na kadi za kliniki, mvilinganishe herufi kwa herufi. Penye tofauti, kasahihisheni sasa, mtoto angali mdogo.